Ramani na Nafsi ya Taifa

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniuliza swali ambalo hadi leo halijanitoka moyoni. Nilikuwa nimealikwa shuleni kwao, si mbali na viwanja vya Mnazi Mmoja, kuzungumza na vijana juu ya ushairi na utamaduni wa taifa. Nilipokwisha kusema niliyokuwa nayo, kijana huyo alisimama, akaielekea ramani ya Tanzania iliyotundikwa ukutani nyuma yangu, akanena: "Shikamoo mzee. Umetuasa tuipende nchi yetu na kuuenzi utamaduni wake. Lakini katika somo la historia tumejifunza kwamba mipaka ya nchi hii ilichorwa na Wazungu waliokaa mezani huko Ulaya. Ikiwa ndivyo, basi Utanzania wetu ni kitu tulichochorewa na watu wengine. Tunachotakiwa kukipenda ni kipi hasa?"

Wenzake waliangua kicheko, kama ilivyo desturi ya vijana mwenzao anapomtega mgeni. Mimi sikucheka. Nilimpa maneno mawili matatu ya kumridhisha, akaketi kwa adabu. Lakini nilijua kwamba nilikuwa nimemnyamazisha, wala sikuwa nimemjibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Swali la kijana yule lina pande mbili. Kwanza, je, kitu kilichoanzishwa na mtu mwingine, kwa faida ya huyo mwingine, chaweza kuwa chetu kwa haki? Pili, kikishakuwa chetu, kinatudai nini? Yafaa tuyatazame yote mawili bila pupa, na njia nyepesi ya kuyatazama ni kuzisoma ramani zenyewe.

Aghalabu tunadhani kwamba ramani ni kioo cha nchi: nchi iko hivi, na ramani inatuonyesha hivyo ilivyo. Dhana hii si sahihi. Waite watu watatu wa kijiji kimoja uwaambie wakichore kijiji chao. Mtoza kodi atachora nyumba na kuzihesabu. Mchungaji atachora malisho na visima. Mtoto atachora njia ya shule, mwembe uliozaa, na nyumba yenye mbwa mkali. Hapana hata mmoja aliyesema uongo, na hata hivyo utapata vijiji vitatu. Kila mmoja amelijibu swali lake mwenyewe. Basi mtu aonapo ramani, hapana budi ajiulize mambo matatu: nani aliyeichora, alitaka kujua nini, na ni nini alichokiacha nje.

Tuzitazame kwa macho hayo ramani za kale zilizotaja pwani yetu. Mwaka 1154 mwanachuoni al-Idrisi alimkamilishia Mfalme Roger wa Pili wa Sicilia ramani ya dunia pamoja na kitabu cha kuifafanua. Humo imo nchi ya Zanj, na miji ya Malindi na Mombasa imetajwa. Mwanafunzi wa leo akiionyeshwa atafikiri imetundikwa kichwa chini miguu juu, kwa maana kusini kumewekwa juu na kaskazini chini. Haikugeuzwa. Dunia haina juu wala chini. Desturi ya kuiweka Ulaya juu yetu ni desturi tu, na ilikuwapo desturi nyingine kabla yake. Somo hilo dogo pekee latosha kumfungua kijana macho.

Baada ya Vasco da Gama kupita pwani hii mwaka 1498, ramani za Ulaya zilianza kujaa majina ya bandari zetu. Mwaka 1572, katika kitabu cha picha za miji ya dunia kilichopigwa chapa mjini Köln, Ujerumani, zilitiwa picha za Mombasa, Kilwa na Sofala. Utaona kuta, minara na vyombo baharini. Lakini nyuma ya miji hiyo hapana kitu. Mchoraji alitaka bandari na biashara. Huko bara, walikokuwa wakiishi wakulima, wafugaji, wahunzi na watawala, yeye hakuwa na haja nako, na kwa kuwa hakuwa na haja nako, kwenye karatasi kukawa kama hakuna watu. Zingatia jambo hili, ndugu msomaji. Weupe wa ramani haukuwa utupu wa nchi. Ulikuwa ujinga wa mchoraji.

Ujinga huo ulipoanza kuwasumbua wenyewe, walifanya lile ambalo mwenye akili hulifanya: waliuliza. Wamisionari wawili wa Kijerumani, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, waliokaa Rabai karibu na Mombasa na sehemu nyingine za pwani, walikusanya habari kutoka kwa wafanyabiashara wa Kiswahili na wapagazi wa bara waliozijua njia za misafara. Katika mwaka 1855 walizitia habari hizo katika ramani, ambayo mwaka uliofuata ilichapishwa Ujerumani. Katikati yake lilichorwa ziwa moja kubwa mno, lenye umbo kama la konokono asiye na gamba, likianzia kusini na kupanda hadi kaskazini. Mabwana wa jiografia wa London walishangaa, wengine wakabeza. Hata hivyo ramani hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kutumwa kwa Richard Burton na John Speke, walioanza safari yao ya bara mwaka 1857, wakafika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858. Na mwezi Agosti mwaka huohuo Speke akaliona ziwa la kaskazini, akalipa jina la malkia wake.

Ziwa lile la konokono lilikuwa kosa, lakini ni kosa lenye mafunzo. Kwa hakika yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Nyanza. Msafiri wa njia ya kusini alisema ameona maji makubwa. Wa njia ya kati alisema vivyo hivyo. Na wa njia ya kaskazini naye alisema vivyo hivyo. Tena nyasa, nyanja na nyanza ni maneno ndugu katika lugha zetu za Kibantu, na maana yake si jina la mahali pamoja, bali ni maji mengi yaliyokusanyika. Wasemaji walisema kweli. Aliyekosea ni mchoraji, aliyedhani kwamba neno moja lazima liwe kitu kimoja.

Wazee wetu, basi, walikuwa na ramani. Hawakuichora, waliikariri. Mpagazi wa Kinyamwezi alijua kituo baada ya kituo kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo: wapi pana maji, wapi pana njaa, wapi hutozwa hongo, na safari ni ya siku ngapi kwa mtu mwenye mzigo begani. Hiyo ilikuwa ramani ya kinywa na ya nyayo. Katika vitabu vya wasafiri wa Ulaya wenye ramani hiyo ni wachache waliotajwa kwa majina. Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana na Burton na Speke, ni mmoja wa wachache hao. Walio wengi wamebaki bila jina. Lakini bila wao karatasi ile ingebaki nyeupe.

Hadi hapo ramani ilikuwa ikiuliza. Haukupita muda ikaanza kuamrisha.

Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kugawana nchi hizi. Mstari ulianza baharini karibu na mdomo wa Mto Umba, ukaenda moja kwa moja kuelekea kaskazini-magharibi, ukapinda kuuzunguka Mlima Kilimanjaro, kisha ukanyooka tena hadi ufukwe wa mashariki wa Ziwa Nyanza. Kuna hadithi isemayo kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima ule uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo haina ushahidi. Mstari ulipinda kwa sababu ya mapatano, ili Uchaga uwe upande wa Wajerumani na Taveta upande wa Waingereza. Lakini ukweli haupunguzi uchungu wake. Wamasai waliamka wakiwa raia wa himaya mbili, na ng'ombe zao hawakuambiwa. Mkataba wa pili, wa tarehe 1 Julai 1890, uliendeleza mgawanyo huo upande wa magharibi na kusini, na kuiweka Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza. Mchoraji hakuwa tena na haja ya kumwuliza mpagazi. Alikuwa na rula.

Huu ndio msingi wa shaka ya kijana yule, na haifai tuukwepe. Lakini kabla ya kumjibu kwa ramani kubwa, naomba tushuke kwenye ramani ndogo, ile ya uwanja ninaoukatiza karibu kila siku niendapo kazini.

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani walipoifanya makao makuu mwaka 1891, walitunga kanuni za ujenzi zilizoligawa jiji katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya majengo ya namna ya Kizungu. Ya pili ilikuwa ya majengo imara ya namna nyingine. Ya tatu ilikuwa ya vibanda vya wenyeji. Kanuni ilitaja aina ya nyumba, haikutaja rangi ya ngozi. Lakini kila mtu alielewa, na watu wakazipa sehemu hizo majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Waingereza walipoitwaa nchi waliuendeleza mpango huohuo. Na kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika ya Kariakoo, waliitimiza fikra iliyokwisha anza zamani za Wajerumani: waliacha ukanda mpana wa ardhi tupu, na waliokuwa wakikaa humo wakahamishwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za afya. Ukanda huo uliitwa eneo lisilo la upande wowote. Kazi yake ilikuwa kutenga.

Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja.

Tazama jinsi mchoraji alivyofikiri. Katika karatasi yake mahali pale palikuwa weupe, na weupe huo ulikuwa na shabaha: mtu wa huku asichanganyike na mtu wa huko. Nchi nzima ilikuwa na mistari ya kugawa, na hapa palikuwa na uwanja mzima wa kugawa. Hata Unguja kuna Mnazi Mmoja wake, nao uko kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ni jambo la kutafakari kwamba miji yetu miwili mikubwa ilipewa uwanja wenye jina moja mahali palepale ambapo watu walitenganishwa na watu.

Lakini je, watu waliutumiaje uwanja huo? Mchoraji alisahau jambo moja. Ukiacha ardhi tupu kati ya jamaa mbili, umewanyima nyumba ya pamoja, na papo hapo umewapa uwanja wa pamoja. Vijana walikuja kucheza mpira. Waislamu walikusanyika kwa sala ya Idi na kwa Maulidi. Wauza kahawa walipita na madele yao. Mtaa wa New Street, unaopakana na uwanja huo, ulikuwa na jengo la chama cha Waafrika, na humo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mtaa huo leo unaitwa Lumumba. TANU ilipotafuta mahali pa kuzungumza na umma, haikulazimika kwenda mbali: ilivuka barabara. Katika miaka ya 1950 umati ulikusanyika Mnazi Mmoja kumsikiliza Mwalimu Julius Nyerere na Bibi Titi Mohamed wakinena habari za Uhuru. Mahali palipoachwa patupu ili watu wasikutane pakawa mahali pao pa kukutania. Leo pana bustani na mnara wa kumbukumbu ya Uhuru, na wazazi hupumzika kivulini na watoto wao bila hata kujua kwamba zamani nyasi hizo zilikuwa mpaka.

Ng'ambo ya pili ya uwanja, Kariakoo yenyewe inafundisha somo hilohilo. Jina hilo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Jina lilikuwa la jeshi la mgeni. Ndimi zetu zililichukua, zikalilainisha, likawa jina la soko linalolisha nchi. Soko jipya, lililobuniwa na msanifu majengo wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Na ukitembea kati ya maduka utasoma vibao vya mitaa: Swahili, Nyamwezi, Pemba, Mafia, Likoma, Kongo. Hiyo nayo ni ramani. Ni ramani ya watu waliokuja na mizigo yao kutoka kila upande, wakakutana.

Sasa twaweza kumrudia kijana wetu.

Nikiwa naye leo ningemwambia hivi: Mwanangu, ni kweli kwamba mistari mingi ya ramani hii ilichorwa na wageni. Lakini itazame vizuri. Ramani ya Wajerumani ilikuwa na Rwanda na Burundi ndani yake, na Zanzibar ilikuwa nje. Ramani ya Waingereza, waliolipa bara jina la Tanganyika mwaka 1920, haikuwa na Rwanda na Burundi, na Zanzibar bado ilikuwa nchi mbali. Hapana mkoloni hata mmoja aliyeichora nchi iliyo ukutani mwenu. Iliunganishwa tarehe 26 Aprili 1964, na Mwalimu Nyerere akachanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar katika chombo kimoja. Mstari wa baharini tuliufuta kwa mikono yetu wenyewe. Muungano umekuwa na mijadala yake, na mijadala hiyo haijakwisha. Lakini mjadala wa wenye nyumba ni ushahidi kwamba nyumba ni yao.

Ningemwambia pia: Hata mistari tuliyoirithi tuliipokea kwa hiari na kwa fikra. Mwezi Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Cairo, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele katika azimio lao la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Hawakusema kwamba mipaka ile ilikuwa ya haki. Walijua kwamba kila mmoja akianza kudai kipande cha jirani kwa sababu ya ukoo au ya ufalme wa kale, vita havitakwisha. Kuupokea urithi mbaya ili kuepuka ubaya mkubwa zaidi ni tendo la mtu huru, maadamu ameupokea macho yake yakiwa wazi.

Na urithi huo ulikuja kulipiwa. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wetu wa kaskazini-magharibi, naye akadai kwamba ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Mpaka wa hapo, magharibi ya ziwa, ni mstari ulionyooka wa wakoloni, usiofuata mto wala mlima. Kwa hoja ya ramani tupu mtu angeweza kubishana. Lakini vijana kutoka Mtwara, Tanga, Songea na Unguja walikwenda kuwatetea ndugu ambao hawakuwahi kuwaona na ambao lugha yao ya nyumbani hawakuijua. Makaburi yao yako Kaboya, mkoani Kagera. Mara nyingi taifa limewakumbuka, katika Siku ya Mashujaa, hapahapa Mnazi Mmoja. Nani atathubutu kusimama mbele ya makaburi yale aseme kwamba mstari ule bado ni wa bwana mwenye rula?

Hili basi ndilo jibu la upande wa kwanza wa swali. Asili ya kitu haifungi maana yake. Nafsi ya taifa haimo katika umbo la ramani. Imo katika yale ambayo watu wamekubali kufanyiana ndani ya umbo hilo. Mgeni huchora mstari, na mkazi huupa maana. Uwanja wa kutenga waweza kugeuzwa kuwa uwanja wa kukutana, lakini haugeuki wenyewe. Hugeuzwa na watu.

Lakini tukikomea hapo tutakuwa tumejisifu tu, na kujisifu si falsafa. Uko upande wa pili: kitu kikishakuwa chetu, kinatudai nini? Leo kalamu i mikononi mwetu. Lawama tulizowalaumu wachoraji wa kale zaweza kuturudia sisi.

Tuanze na majirani. Katika Ziwa Nyasa, mkataba wa 1890 uliuweka mpaka kwenye ufukwe wa mashariki, nayo Malawi inaushika mkataba huo. Tanzania inasema kwamba mpaka wapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa, na kwamba hata baadhi ya ramani za Waingereza wa zama za udhamini zilionyesha hivyo. Nina msimamo wa nchi yangu katika jambo hili. Lakini yafaa mwanafunzi ajue kwamba mtoto wa shule wa Malawi anafunzwa ramani nyingine, naye anaipenda nchi yake kwa moyo uleule. Kisiwa cha Likoma, ambacho jina lake liko mtaani Kariakoo, kiko upande wa Malawi. Mvuvi wa Mbamba Bay amshukuru Mungu kwa samaki aliyempata; samaki hakuuliza ramani. Mzozo wa namna hii hauna budi kumalizwa kwa mazungumzo ya jirani na jirani, si kwa kudhani kwamba karatasi yetu ilishuka kutoka mbinguni.

Kisha tujitazame wenyewe. Kazi yangu ya serikali imenipitishia michoro mingi ya mitaa mbele ya macho. Nakumbuka siku moja, nilipokuwa bado kijana kazini, alikuja mama mmoja mtu mzima kufuatilia jambo la nyumba yake. Tulifunua mchoro wa eneo lake. Mahali alipokaa kwa zaidi ya miaka ishirini, alipozaa na kuzika, palikuwa weupe. Nilimwambia, "Mama, hapa haupo." Alinitazama kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mimi nimesimama mbele yako. Asiyekuwapo ni nani, mimi au karatasi yako?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimemfanyia yale ambayo mchora picha wa Kilwa aliwafanyia babu zetu: kwa kuwa sikumjua, nilimhesabu hayupo.

Mama yule hakuwa peke yake. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa na watu kabla ya kupimwa na wapimaji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumba hasa wakazi wa mabondeni, na si rahisi kumwokoa mtu ambaye njia ya kufika kwake haimo katika mchoro wowote. Ndiyo maana mimi huitaja kwa heshima kazi iliyoanza mwaka 2015 kwa jina la Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walipita kata kwa kata, wakichora mitaro, vichochoro, visima na nyumba, wakiwauliza wenyeji maji hupita wapi mvua ikinyesha. Vivyo hivyo mwaka 2022 kazi ya anwani za makazi ilizipa namba nyumba ambazo hazikuwahi kuwa na namba. Katika kazi hizo ramani iliacha kuamrisha, ikarudi kuuliza. Mkazi wa bondeni alikuwa mjuzi kama mpagazi wa Unyanyembe alivyokuwa. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeshika kalamu alikuwa mtoto wake.

Nawaomba walimu walijaribu jambo moja. Sisi tulipokuwa shuleni tulilaza karatasi nyembamba juu ya ramani ya nchi, tukaufuata mstari kwa penseli, na aliyepinda vizuri pale Kilimanjaro akapewa alama. Hilo si baya, lakini halitoshi. Mwanafunzi apewe karatasi tupu aichore kata yake mwenyewe. Akimaliza, aulizwe yale maswali matatu: umechora kwa ajili ya nani, ulitaka kujua nini, na umemwacha nani nje? Atagundua kwamba alisahau nyumba ya bibi auzaye vitumbua, au njia apitayo mwenzake asiyeona, au makazi ya wale wanaolala sokoni. Basi arudi kuwatia. Siku atakapofanya hivyo atakuwa amejifunza uraia kuliko hotuba yangu ilivyoweza kumfundisha.

Kwa kuwa nilikwenda shuleni kwao kuzungumza ushairi, na swali likanishinda kwa maneno ya kawaida, namwachia kijana yule ubeti huu:

Twachora nchi ya nani, tukisahau wazazi?
Asibakie pembeni, ndugu asiye makazi;
Kalamu i mkononi, tuitumie kwa kazi,
Mstari ni wa mgeni, maana ni ya mkazi.

Jioni, kazi zinapokwisha, watu huukatiza uwanja wa Mnazi Mmoja kutoka mjini kwenda Kariakoo na kutoka Kariakoo kwenda mjini. Nyayo zao zimechonga vijia vyembamba katika nyasi, na vijia hivyo havikuchorwa na ofisi yoyote, ya Mjerumani, ya Mwingereza wala yetu. Vimepita juu ya mpaka wa kale kana kwamba haukuwapo. Nikiulizwa tena ni kipi hasa tunachotakiwa kukipenda, nitamchukua muulizaji nimsimamishe hapo, nimwonyeshe vijia vile na watu wavipitao.